Nani Yuko Chini ya Nani: Mwongozo Kamili wa Kupanga Wafanyakazi na Uongozi Kwenye Biashara Inayokua

Kiwanda changu cha mikate pale Mbagala, Dar es Salaam, kilikuwa na miaka mitatu. Usiku mmoja, saa tisa, mkanda wa mashine ya kukandia unga ukakatika. Zamu ilikuwa na watu watano. Walipaswa kukanda mifuko minne ya unga ya kilo 50, na mmoja tu ndio ulikuwa umeshapita. Fundi anayeuza mikanda alikuwa anakaa mtaa wa pili. Wakamwamsha, akatoka na mkanda mkononi, akataka shilingi 18,000. Kwenye droo kulikuwa na zaidi ya laki mbili za mauzo ya jana, na ufunguo alikuwa nao kiongozi wa zamu. Mimi nilikuwa hospitali na mtoto, simu imeisha chaji. Walinipigia mpaka wakachoka. Hakuna aliyethubutu kugusa ile hela bila mimi kusema neno.

Asubuhi maguta ya Charambe na Kijichi yakaja kupakia, yakaondoka na trei chache. Mikate karibu 400 haikuokwa, na maduka manne yakahamia kwa mwokaji mwingine na hayakurudi. Siku ile nilimfokea sana yule kijana wa zamu. Ilinichukua wiki nzima kukubali kwamba alikuwa sahihi. Hela ilikuwepo, ufunguo ulikuwepo, ruhusa haikuwepo, na ruhusa ile ni mimi sikuwahi kuitoa.

Ninayoyaandika hapa nimeyapata kuanzia usiku ule, kwanza kwangu, baadaye kwa kuwasaidia wenzangu wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, zahanati na shule binafsi. Yanamfaa mwenye biashara ya watu 5 hadi 50. Mifano mingi itakuwa ya mikate kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua mpaka harufu yake.

Kwanza tuelewane muundo ni nini. Wengi wakisikia "muundo wa uongozi" wanafikiria maboksi na mistari ukutani, au vyeo. Muundo ni majibu ya maswali matatu kwa kila kazi: kazi hii ni ya nani, huyo mtu ana ruhusa ya kuamua nini bila kuuliza, na akikwama anakwenda kwa nani. Mchoro wa ukutani ni picha tu ya majibu hayo. Kama majibu hayapo, mchoro ni pambo.

Kwa nini biashara ya watu wanne haihitaji haya, na ya watu 16 inayahitaji? Hesabu mwenyewe. Watu wanne wana jozi 6 za kuelewana. Wanane wana jozi 28. Watu 16 wana jozi 120. Idadi ya watu imeongezeka mara nne, mahusiano yameongezeka mara ishirini, na kichwa cha mwenye biashara ni kilekile. Ndiyo maana mtu anayeendesha genge lake vizuri kabisa anafungua duka la pili na kila kitu kinaanza kuvuja.

Wala si jambo geni. Katika miaka ya 1850 Daniel McCallum, msimamizi mkuu wa reli ya New York and Erie kule Marekani, alikuta reli yake ya karibu kilomita 800 haiendeshwi kwa unafuu kama reli fupi, wakati wengi walitegemea kubwa ndiyo iwe na nafuu. Alieleza kwamba msimamizi wa reli ya maili 50 anaweza kuifuatilia kazi yote mwenyewe na kumjua kila mtu, ila kwenye maili 500 njia hiyo haifanyi kazi tena. Mwaka 1855 mchoro wa reli yake ulichorwa, na wanahistoria wa biashara wanauhesabu kuwa miongoni mwa michoro ya mwanzo kabisa ya muundo wa kampuni. Umechorwa kama mti, na uongozi wa juu umewekwa chini, kwenye shina, matawi yakipanda kuelekea vituo na mafundi. Napenda sana picha hiyo. Shina ndilo linalobeba.

Hatua ya kwanza: andika kazi, majina yasubiri

Kosa la kawaida ni kuanza na watu: "Huyu dada ni mwaminifu, nimpe cheo gani?" Ukianza hivyo unashona nguo kwa kipimo cha mtu mmoja, na akiondoka unabaki na nguo isiyomkaa mwingine.

Nunua kaunta buku. Kwa wiki mbili andika kila kazi inayofanyika, aliyeifanya, na aliyeulizwa kabla haijafanyika. Usisahihishe chochote, wewe andika tu. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi:

Jumanne. Kuhesabu trei zinazorudi: dereva, halafu keshia akahesabu tena. Kuagiza hamira: mimi. Kumjibu mteja aliyelalamika mikate imebonyea: aliyepokea simu. Kununua umeme wa LUKU: mimi. Kumruhusu kijana aende msibani: mimi, kwa simu, nikiwa kwenye daladala. Kukagua tarehe ya mwisho ya hamira: hakuna mtu. Kufagia nyuma ya stoo: hakuna mtu.

Wiki mbili zikiisha, chukua kalamu tatu za rangi. Nyekundu kwa kazi zinazofanywa na watu wawili bila kujua. Bluu kwa kazi zisizo na mtu. Kijani kwa zile zinazopita kwako. Kwetu zilitoka kazi 64, na zaidi ya nusu zilikuwa za kijani. Ukiona karatasi yako imekuwa kama shamba la mpunga, usikate tamaa, ni dalili nzuri kwamba umeandika kweli.

Hatua ya pili: zifunge kazi ziwe nafasi

Sasa kusanya kazi zinazofanana au zinazofuatana, uzifunge kama kuni, mzigo mmoja mtu mmoja. Ipe kila nafasi jina la kazi yake: mtunza stoo, kiongozi wa zamu, msimamizi wa usambazaji, keshia, mhasibu. Epuka kugawa vyeo vikubwa mapema. Huku kwetu kila mwenye duka ni "mkurugenzi" na kila anayemfuata ni "meneja", na likishatoka hilo jina, kulirudisha ni kumvunjia mtu heshima mbele ya familia yake. Ukurugenzi wa kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, ni jambo la kisheria: mkurugenzi ana wajibu kwa kampuni yenyewe, hata kama haingii ofisini. Meneja ni mwajiriwa. Usivichanganye.

Kuna kazi tatu ambazo hazitakiwi kufungwa kwenye mzigo mmoja hata kama mtu huyo ni malaika: kuagiza mali, kupokea mali, na kulipa. Anayeagiza unga asiwe anayehesabu mifuko ikishuka kwenye lori, na anayehesabu asiwe anayemlipa muuzaji. Sisemi hivi kwa kuwa watu ni wezi. Mtu mwaminifu akishika zote tatu, siku mifuko ikipungua hana namna ya kujitetea, na wewe huna namna ya kumwamini tena. Kuzitenganisha ni kumlinda.

"Lakini nina watu watano tu!" Basi gawana nao. Mtunza stoo apokee na kusaini hati ya kupokelea mzigo, kiongozi wa zamu aandike oda, wewe ubaki na kulipa tu, na usilipe mpaka karatasi tatu zikae pamoja mezani: oda, hati ya mapokezi na ankara. Zikisomana, lipa. Zisiposomana, pigia simu muuzaji kabla hujamwita mtu wako.

Hatua ya tatu: chora, na kila mtu awe na bosi mmoja

Chukua karatasi moja. Chora nafasi, si majina, halafu vuta mstari kutoka kila nafasi kwenda kwa mmoja tu aliye juu yake. Henri Fayol, mhandisi wa Kifaransa aliyeongoza kampuni ya migodi kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1916 kwamba mfanyakazi apokee amri kwa mkubwa mmoja. Mabaharia wetu walishasema kwa ufupi zaidi: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Penye mume na mke wanaoendesha biashara pamoja, hapa ndipo pagumu. Nimekaa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi nikamwona kijana akiambiwa na baba apakie saruji, dakika tano baadaye mama anamwita aje ahesabu mabati, na jioni wote wawili wanamfokea. Ile siku hakufanya kosa hata moja. Dawa yake ni wenye nyumba kugawana idara kabisa: baba stoo na usafirishaji, mama fedha na mauzo, na kila mmoja akitaka kitu upande wa mwenzake amwombe mwenzake, asimwagize mfanyakazi.

Watu wangapi chini ya msimamizi mmoja? Kwa kazi ya mikono inayojirudia, kama kukanda, kupakia na kufungasha, nimeona mmoja anawamudu wanane hadi kumi na wawili. Kwa kazi ya kuamua kila saa, kama kushughulika na wateja wakubwa au kurekebisha mitambo, wakizidi sita anaanza kukosa usingizi. Na usiweke ngazi isiyo na kazi. Kama kati yako na mpakiaji kuna kiongozi wa zamu, msimamizi, meneja msaidizi na meneja, na jumla yenu ni 18, habari ya mashine mbovu itakufikia ikiwa imeshapoa.

Mgawanyo wenyewe una sura kuu mbili. Ya kwanza ni kwa aina ya kazi: uzalishaji, mauzo, fedha, kila moja na mkuu wake. Hii ndiyo inayofaa sehemu kubwa ya biashara ndogo, kwa sababu fundi anajifunza kwa fundi mwenzake. Ya pili ni kwa eneo: TANESCO, shirika la umeme, kwa mfano ina mameneja wa mikoa, na benki zina mameneja wa matawi, kila mmoja akibeba karibu shughuli zote za eneo lake. Ukiwa na eneo moja chagua ya kwanza. Ukifika matawi matatu utalazimika kuchanganya: meneja wa tawi anaongoza watu na mauzo ya siku, ila fedha na manunuzi vinabaki makao makuu. Hapo andika wazi keshia wa tawi yuko chini ya nani. Mimi ningesema zamu, nidhamu na likizo yuko chini ya meneja wa tawi, na hesabu zake zinakwenda moja kwa moja kwa mhasibu mkuu, meneja asiweze kuzigusa.

Vyama vya ushirika vina sura yao na inafaa kujifunza kwao: mkutano mkuu wa wanachama juu, kisha bodi, kisha meneja, kisha watumishi. Chama kinachoyumba mara nyingi ni kile ambacho wajumbe wa bodi wanaingia ofisini kumwagiza karani. Bodi imwagize meneja. Basi.

Na sasa niseme jambo linalouma. Anayevunja mchoro mara nyingi zaidi ni aliyeuchora. Mimi nilipita uani siku ya pili tu baada ya kuubandika ukutani, nikamwona kijana anasuuza trei, nikamwambia, "Acha hizo, chukua bajaji upeleke mikate 60 kule Rangi Tatu, mteja kanipigia." Akaenda mbio, mama kasema! Zamu ya jioni ikakosa trei safi. Msimamizi wake hakunilalamikia, alininyamazia, na nadhani alijifunza siku ile kwamba usimamizi wake ni wa jina. Tangu hapo nina kanuni moja: nikiona kitu namwuliza msimamizi, na mbele ya watu wake simsahihishi. Isipokuwa kuna hatari ya mtu kuumia. Hapo yeyote anasimamisha mashine.

Hatua ya nne: andika ruhusa za fedha na maamuzi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naipa uzito kuliko zote. Cheo bila ruhusa ni mzigo. Ukimwita mtu msimamizi na hawezi kununua balbu, umempa lawama peke yake.

Kwetu, baada ya ule mkanda, tuliandika hivi na kubandika stoo na ofisini:

Kiongozi wa zamu: hadi shilingi 50,000 kwa tukio moja, kwa dharura ya uzalishaji tu, na risiti ifike kwa keshia kabla ya saa nne asubuhi. Msimamizi wa uzalishaji: hadi 300,000. Meneja: hadi 1,500,000, kama ipo kwenye bajeti ya mwezi. Zaidi ya hapo ni mimi, na nisipopatikana kwa saa mbili, meneja na mhasibu wanasaini wote wawili.

Viwango vyako vitakuwa tofauti. Kipimo nilichotumia ni hiki: angalia hasara ya kusimama kwa saa tatu, kisha mpe aliye karibu na tatizo uwezo wa kutumia kiasi kilicho chini kabisa ya hasara hiyo. Shilingi 18,000 zilinigharimu mikate 400.

Fedha si ruhusa pekee. Andika pia nani anaweza kumpa mteja mkopo na wa siku ngapi, nani anapunguza bei na kwa kiasi gani, nani anaruhusu mtu asije kazini, nani anakataa mzigo wa muuzaji uliokuja umelowa, nani anasimamisha uzalishaji mkate ukitoka mbichi katikati. Kwenye kila moja weka maneno matatu: anaamua, anashauriwa, anaarifiwa. Mmoja tu ndiye anaamua.

Kuna mtu ataitumia vibaya ruhusa hiyo. Kwetu ilitokea mara mbili kwa mwaka wa kwanza, risiti zisizoeleweka, kiasi kidogo. Usifute utaratibu kwa ajili yake. Shughulika naye, utaratibu ubaki.

Hatua ya tano: ndugu

Biashara nyingi za kwetu zimesimama kwa mikono ya ndugu, na sitamwambia mtu asimwajiri mdogo wake. Nani alikaa na wewe dukani mpaka saa nne usiku wakati huna hela ya kumlipa mtu? Shida ni pale undugu unapokuwa ndiyo mstari kwenye mchoro.

Shemeji yangu alikuwa stoo. Mchapakazi, anajua kila mfuko ulipo. Lakini kiongozi wa zamu akimwomba unga kwa karatasi anasema, "Karatasi ya nini, mimi nitaongea na shemeji." Na kweli aliongea nami, mezani, kwenye chakula cha usiku. Uamuzi wa kiwanda ukawa unafanyika nyumbani kwangu, na wafanyakazi wasio ndugu wakaujua asubuhi. Wawili walioacha kazi mwaka ule walikuwa wazuri kuliko wote, na hakuna aliyenieleza sababu. Niliielewa baadaye.

Nilimwita, si nyumbani, ofisini. Nikamwambia, "Shemeji, nyumbani wewe ni mkubwa wangu na nitakuamkia. Hapa uko chini ya meneja. Akikukosea njoo naye, mje wote wawili." Tukaandika mkataba wake kama wa wengine, mshahara kwenye orodha, likizo kwenye ratiba. Alinuna mwezi mzima. Mama mkwe alinipigia simu. Sikubadilisha, na leo ndiye anayewafundisha wageni namna ya kujaza fomu ya stoo.

Kwa hiyo ndugu awe na nafasi inayojulikana, mshahara unaojulikana, na bosi asiye wewe kama inawezekana. Msaada wa kifamilia utoke mfukoni mwako, usitoke kwenye droo ya kiwanda. Na ndugu asiyekuwa na kazi maalumu asiwe na ufunguo.

Hatua ya sita: yote yaingie kwenye mikataba

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake: jina na anuani, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, na malipo yake. Wengi wanajaza mshahara na kuacha "maelezo ya kazi" yakiwa mstari mmoja. Hapo ndipo mzigo uliofunga hatua ya pili unapoingia. Nusu ukurasa unatosha: kazi zake kuu tano hadi nane, yuko chini ya nafasi gani, nani wako chini yake, ruhusa zake ni zipi. Andika kwa Kiswahili anachokielewa.

Ratiba ya zamu nayo ni sehemu ya muundo, na ina mipaka ya sheria. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku sita kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Waokaji tujue hili hasa: kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na hapo ndipo unapoona kama muundo wako una watu wa kukaimu. Kila nafasi iwe na jina la pili la atakayeishika mwenyewe akiwa likizo.

Idadi ya watu ina gharama nyingine pia. Michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haingoji uwe mkubwa, na ukifikisha wafanyakazi 10 unaingia kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Mtu wa kumi apigiwe hesabu kabla hajaitwa.

Hatua ya saba: kumpata msimamizi

Tumezoea kumpandisha fundi bora. Fundi bora anapenda unga na moto, na ukimpa watu kumi unaweza kupoteza fundi na usipate msimamizi. Angalia mtu ambaye wenzake wanamwendea wakikwama, anayesema "tumekosea" badala ya "wamekosea", na anayeandika. Mkaimishe miezi mitatu kwa posho ya kukaimu, mkiwa mmekubaliana kwa maandishi kwamba akirudi kwenye ufundi wake si adhabu. Na fundi bora asiyetaka kuongoza mtafutie njia yake ya kupanda: fundi mkuu, mshahara sawa na msimamizi au zaidi, kazi yake kufundisha na kulinda ubora. Nimewahi kuwa na mwokaji aliyepokea kuliko bosi wake, na hakuna kilichoharibika.

Vikao

Dakika kumi zamu zinapobadilishana, wote wakiwa wamesimama, daftari la makabidhiano mkononi: kilichoharibika, kilichopungua, oda za kesho. Saa moja kila Jumatatu kwa wasimamizi na meneja. Mara moja kwa mwezi wafanyakazi wote, na hapo wao ndio waongee kwanza. Vinatosha.

Nidhamu inahitaji ngazi

Hili wengi wanaligundua wakiwa tayari wameshitakiwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Kumwachisha mtu kazi kihalali kunataka sababu ya haki na utaratibu wa haki. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka mtu apewe tuhuma zake mapema, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, nafasi ya kujieleza akiwa na mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, na kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na jambo lenyewe. Sasa jiulize: kama wewe ndiye uliyemkamata, uliyemshtaki, na ndiye pekee mwenye mamlaka, nani ataongoza hicho kikao? Kwa hiyo muundo uweke ngazi mbili za nidhamu tangu mwanzo. Msimamizi anatoa onyo la mdomo na la maandishi. Meneja ndiye anayefungua tuhuma nzito. Wewe mwenye biashara unakaa nje mpaka siku ya kusikiliza, hukufokea mtu, hukutishia mtu. Kwa aliye Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 nacho kinataka mtu aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwepo, kabla hajaachishwa.

Kufungua tawi

Usifungue tawi la pili kabla tawi la kwanza halijaendeshwa na mtu mwingine kwa angalau miezi mitatu huku wewe ukiwa mgeni. Meneja wa tawi jipya atoke ndani, abebe na mtu mmoja wa fedha na mmoja wa ufundi wanaoijua kazi yenu. Fomu, viwango vya ruhusa na daftari la makabidhiano viwe vilevile, ili kijana akihamishwa kutoka Mbagala kwenda Kongowe asianze upya. Mchoro uupitie kila mwaka, na kila mara idadi ya watu inapokaribia kuongezeka kwa nusu.

Jinsi ya kuupima

Baada ya miezi mitatu ya kuutumia muundo wako, waambie watu unasafiri siku tatu. Safiri kweli. Acha simu kwa mtu wa nyumbani, aandike kila anayepiga, saa ngapi na anauliza nini, asijibu chochote isipokuwa mtu ameumia. Ukirudi, usiulize kwanza mauzo. Chukua ile karatasi, panga maswali kwa kazi inayohusika, na mbele ya kila swali andika nafasi iliyopaswa kulijibu na ruhusa iliyokosekana. Nenda nayo kwenye kikao cha Jumatatu, muanze na swali lililopigiwa simu mara nyingi kuliko mengine.